Sampuli ya Mguu

Morogoro, 2 Februari 2025

Shikamoo baba mkubwa Jairo, na mama mkubwa Enesi naye shikamoo yake,

Mimi sijambo. Mvua za huku ni za kubahatisha, lakini nasikia huko Hasamba zimekaza mpaka njia ya kwenda Vwawa imekuwa matope matupu. Nimehama chumba, kile cha zamani kilikuwa kinavuja juu ya kitanda. Kazini wananiita fundi wa maabara, ingawa sehemu kubwa ya ufundi wangu ni kuosha vyombo vya kioo. Mchumba bado. Mwambie mama mkubwa asiulize tena.

Sasa jambo lenyewe. Ulisema simu yako haishiki chaji na kwamba maneno ya maana huandikwa. Haya, karani wangu wa kahawa, naandika. Bosi wangu, Daktari Nesta, amekubali uingie kwenye utafiti wetu wa vidonda. Humu kwenye kifurushi mna bandeji nane. Usizidharau kwa wembamba wake. Zimetengenezwa kwa maganda ya kaa na mwani wa baharini, na dawa imefungwa ndani yake. Dawa hiyo haitoki yote kwa mara moja. Bandeji ikinywa maji ya kidonda, inaiachia kidogo kidogo kwa siku tano. Kwa hiyo moja hukaa siku tano, na nane ni siku arobaini. Usifungue kila asubuhi kuchungulia. Ukikuta imegeuka ute kama uji wa muhogo, si usaha, ndivyo inavyofanya kazi. Suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha weka nyingine.

Nesi Eva wa zahanati yenu yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo utachora wewe mwenyewe. Weka plastiki hii angavu yenye miraba juu ya kidonda, fuata ukingo wake kwa kalamu, nitumie. Mimi nitahesabu miraba. Kidonda chako cha kisigino cha kulia kilikuwa miraba kumi na nane nilipokuja Januari. Unakumbuka alivyosema daktari wa hospitali: mwisho wa Aprili, kama hakijapungua nusu, mguu unakatwa juu ya kifundo. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika fimbo yako siku ile, na tangu hapo sijalala vizuri.

Salamu kwa wote wa nyumbani, yaani ninyi wawili na ng'ombe.

Mwanao,
Tusekile


Hasamba, 27 Februari 2025

Mwanangu Tusekile,

Marahaba. Mama yako Enesi ameitikia mara mbili, ya pili ni kwa ajili ya huyo mchumba ambaye bado. Sisi ni wazima, tukiacha mguu. Ng'ombe amezaa ndama jike. Kahawa imebeba vizuri, matunda bado mabichi, na miaka hii wanunuzi wanapita mashambani wakiyakodolea macho kabla hata hayajaiva. Kanisani tunaezeka upya, na mimi nimepewa kazi ya kukaa kwenye kiti na kuhesabu mabati.

Kifurushi nilikipokea stendi ya Vwawa. Mambo ya humo yametuchanganya sana. La kwanza ni kaa. Mama yako aliposikia maganda ya kaa alisogeza sahani yake mbali na mguu wangu, akauliza kama nitaanza kutembea upande upande. La pili, siku ya tano tulifungua na bandeji hatukuiona. Tuliitafuta kwenye shuka, tukaitafuta chini ya kitanda, mama yako akasema, "Kidonda kimeila." Ndipo nikakumbuka uji wako wa muhogo tukatulia, ingawa mpaka leo sielewi kitu kinachoyeyuka kinawezaje kufanya kazi. Mimi nimezoea vitu vinavyofanya kazi huku unaviona.

Nina maswali mawili matatu. Je, bandeji inaweza kukatwa katikati kwa mkasi? Je, dawa iliyofungwa humo inachagua mguu, au mguu wowote wenye kidonda inaukubali? Nauliza kwa elimu tu. Na je, zile nane zikiisha mapema kidogo, ofisi itakasirika? Maana zimeisha.

Mchoro ni huu. Nadhani utaufurahia.

Baba yako mkubwa,
Jairo


Morogoro, 10 Machi 2025

Shikamoo baba mkubwa, shikamoo mama mkubwa. Hongereni kwa ndama. Mpeni jina lolote isipokuwa langu, yule wa kwanza bado watoto wa jirani wananitania naye.

Bandeji haikatwi. Ukiikata, dawa inavuja pale pa mkasi na inaisha siku ya kwanza. Lakini swali langu ni kubwa kuliko lako. Tangu uzipokee mpaka siku uliyoniandikia ni siku ishirini na moja. Nimehesabu kwa kalenda, nimehesabu kwa vidole: ulipaswa kutumia nne. Nyingine nne zimekwenda wapi?

Mchoro nao sijui niuweke wapi. Miraba kumi na mmoja! Nilipiga kelele mpaka Daktari Nesta akatoka ofisini. Halafu nikauweka juu ya ule wa Januari na furaha ikapoa. Kidonda chako kilikuwa cha mviringo. Hiki ni kirefu kama jani la muhindi. Kidonda kinapopona hunywea, hakirefuki. Nikaugeuza, nikaupindua, bado. Labda plastiki iliteleza, labda ulichora umekaa vibaya. Daktari Nesta yeye ameangalia miraba tu, ameridhika. Na kwa kuwa kinapungua, utaratibu unataka sasa utumie bandeji zisizo na dawa. Ni zilezile, ila pakiti yake haina mstari wa buluu. Nimeweka nane.

Safari hii nisaidie. Simamisha mguu wote juu ya karatasi hii ya miraba, uchore kuuzunguka, halafu piga alama kidonda kilipo. Ni kwa ajili ya faili, na ni kwa ajili yangu pia, maana sielewi.

Jana nilimpata mama mkubwa kwenye simu ya jirani. Nilipomuuliza habari za mguu alisema, "Muulize baba yako," kisha akaniuliza habari za mvua. Mama mkubwa hajawahi kuniuliza habari za mvua tangu nizaliwe.

Tusekile


Hasamba, 6 Aprili 2025

Mwanangu mpendwa Tusekile,

Marahaba. Usinilaumu kwa kuchelewa, mikono ilikuwa na kazi. Paa la kanisa limekamilika, limebaki bati moja ambalo hakuna anayejua lilitoka wapi, na mimi mhesabuji ndiye ninayetazamwa. Ndama anaitwa Bahati. Mama yako alikuwa na mafua, yamekwisha. Jirani yetu Joshua amemwoza binti yake huko Isongole, tukala wali mpaka tukaona aibu. Mvua zinaelekea ukingoni.

Kuhusu zile nne, mwanangu, kitu kikiwa ndani ya nyumba kina njia zake. Tuseme zilitumika. Hazikutupwa hata moja, hilo naweza kukuapia.

Hizi mpya zimenitia wasiwasi. Mstari wa buluu umekwenda wapi? Tumeshushwa daraja? Mchoro ulikuwa mzuri, wewe mwenyewe umesema ulipiga kelele. Kwetu kwenye ushirika, mkulima aliyeleta sampuli nzuri alipandishwa, hakunyang'anywa. Hebu mwambie huyo Daktari Nesta atazame tena.

Mguu nimeuchora kama ulivyotaka. Kidonda kinaendelea vizuri mno. Mimi mwenyewe ninapokiangalia nafarijika.

Jairo


Morogoro, 11 Aprili 2025

Shikamoo baba mkubwa.

Mguu huu si wako.

Nimehesabu vidole mara nne. Nikampa mwenzangu wa maabara ahesabu, bila kumwambia kwa nini. Vinne. Tena ni mguu wa kushoto, na kidonda kiko juu ya unyayo, si kisiginoni. Kwanza nilidhani umechora vibaya. Halafu nikaona pale kidole kidogo kinapopaswa kuwa, pamechorwa taratibu, kalamu imezunguka kila mahali bila haraka, na nikajua huyu aliyechora alikuwa anafuata kitu anachokiona.

Namjua mtu mmoja tu mwenye mguu huo. Shoka lilimpata akipasua kuni za harusi ya shangazi Leah, nami ndiye niliyekimbia na kata ya maji. Nilikuwa na miaka sita. Mwaka uliofuata alisema anakwenda Tunduma kuvusha mchele, atarudi Jumamosi na viatu vyangu vya shule. Mama yangu mzazi alikufa 2009 akiwa bado anamtetea. Kwenye msiba hakuonekana. Wewe ndiye uliyesimama pale anaposimama baba wa mtoto, wewe ndiye uliyeuza magunia ya kahawa nikasoma, na leo unanitumia mguu wake kwenye bahasha, bila neno, kama vile nimeagiza!

Sielewi. Yuko hapo nyumbani? Tangu lini? Mama mkubwa anajua, bila shaka, ndiyo maana ananiuliza habari za mvua.

Na wako uko wapi? Baba mkubwa, mguu WAKO uko wapi? Nilikuondolea dawa kwa sababu ya kidonda cha mtu mwingine. Chora leo. Usingoje.

Tusekile


Hasamba, 18 Aprili 2025

Mwanangu,

Leo ni Ijumaa Kuu. Mama yako amekwenda kanisani, mimi nimebaki na kalamu. Habari za ng'ombe na za mvua nitakuandikia siku nyingine.

Ambilikile hayupo hapa nyumbani. Yuko Tunduma, amepanga chumba kule mtaa wa Sogea. Alirudi kutoka Zambia mwezi wa kumi na moja. Nilimkuta sokoni nilipokwenda kutafuta viatu vipana vya mguu wangu. Nilisikia mtu ananunua dagaa wa kapenta na kila neno anatia "mukwai", ile heshima ya Wabemba wa Zambia, nikageuka nimcheke huyo Mbemba, kumbe ni mdogo wangu. Boksi la vigae lilimwangukia mguuni wakipakua lori, kidonda kilikuwa hakijafunga tangu Septemba. Tulisimama pale, wazee wawili, kila mmoja na fimbo yake. Akaniuliza, "Kaka, nawe upande gani?" Nikamwambia wa kulia. Akasema wake ni wa kushoto. Tukacheka, Mungu anisamehe, tulicheka mpaka muuza kapenta akatuomba tusogee.

Kifurushi chako kilipofika nilichukua nne nikampelekea. Nilijua ukiambiwa hutakubali, na nilijua una haki. Nikaona nisikuulize. Sikukusudia zaidi ya hapo.

Kuhusu mchoro, nisikilize vizuri kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa nia safi. Miaka ishirini na sita nimekuwa mpimaji wa kahawa pale chama cha msingi. Sampuli inayokwenda mnadani huwezi kuchota tu popote. Unatafuta gunia zuri, unachota hapo, wanunuzi wanafurahi, na wakulima wote wanapona kwa jina la gunia hilo. Kidonda changu kilikuwa hakiendi vizuri. Chake kilikuwa kinafunga. Nikaona nikituma changu, ofisi itasema bandeji hazifai, na sisi sote wawili tutakosa. Nikatuma chake. Uliposema chora mguu wote, nilitaka kuchora wangu na kuweka alama yake. Mkono ukakataa. Sijawahi kuandika uzito wa uongo. Nikasafiri mpaka Tunduma nikachora mguu wake kweli kweli, na wala sikufikiria vidole. Nimemzoea.

Wala sikujua kwamba sampuli nzuri ingeninyima dawa. Hilo bado linanizungusha kichwa. Mahali gani duniani anayefanya vizuri ndiye anayenyimwa?

Mchoro wangu nimeuweka ndani. Mama yako alitaka nisiutume kabla ya Pasaka.

Jairo


Morogoro, 22 Aprili 2025

Shikamoo baba mkubwa. Shikamoo mama mkubwa.

Miraba ishirini na saba, na ukingo mmoja unaelekea kwenye vidole. Nimekaa chini sakafuni pale maabara.

Usisubiri mwisho wa mwezi. Ukimaliza kusoma, nenda hospitali, mama mkubwa akushike mkono. Humu mna pakiti kumi na mbili zenye mstari wa buluu, na barua ya Daktari Nesta kwa daktari wa huko. Mpe mkononi. Amenigombeza, na alikuwa na haki. Miezi miwili ya faili lako imepigwa mstari mwekundu. Hapa, baba mkubwa, tunamtafuta mgonjwa zaidi ili tumpe zaidi. Nilipaswa kukueleza hivyo tangu mwanzo. Nilikueleza habari za kaa, nikakueleza habari za ute, hilo nikadhani kila mtu analijua.

Kumi na mbili hizi ni zako. Usigawe. Narudia, usigawe. Asiye na jina kwenye utafiti hapewi.

Kuhusu huyo mwingine sina la kuandika. Nina hasira naye. Na nina hasira zaidi kwa sababu kidonda chake kinafunga vizuri kuliko vyote tulivyo navyo, na nilipouona mchoro wake mara ya kwanza nilipiga kelele kwa furaha.

Tusekile


Hospitali, 12 Mei 2025

Mwanangu Tusekile,

Naandika nikiwa kitandani, karatasi nimeiweka juu ya sinia la chai, usishangae mwandiko. Marahaba. Kisigino kimekubali bandeji. Lakini vidole viwili vilikuwa vimeshakwenda. Vimekatwa tarehe ishirini na saba Aprili, kidogo na kinachofuata. Mguu umebaki! Daktari alisoma barua ya Daktari Nesta mara mbili, akasema tungechelewa wiki moja tu tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Mama yako alilia, kisha akauliza kama chakula cha hapa kina chumvi.

Sasa ukinitaka nichore mguu itabidi uulize ni wa kulia au wa kushoto, maana kwa kidole kidogo hutatujua tena.

Ambilikile yupo hapa. Sikumwita. Alisikia kwa watu wa stendi akapanda gari kutoka Tunduma. Analala chini, kwenye mkeka, karibu na kitanda changu, ananiosha na kunishikia bakuli. Siku aliyofika alitoa mfukoni bandeji tatu za zile zisizo na mstari, ambazo nazo nilimgawia, pakiti hazijafunguliwa, akaziweka hapa juu ya mto wangu. Akasema, "Kaka, hizi ni zako, mimi nilijua sikuandikwa." Alikuwa ameacha kuzitumia tangu nilipomsomea barua yako ya kumi na moja Aprili. Ndiyo, nilimsomea. Nilimsomea yote, na viatu.

Kidonda chake kimeanza kufunguka upya. Sikuombi kitu. Nimekuambia ili nisifiche tena, kuficha kumenigharimu vidole.

Jairo


Morogoro, 18 Mei 2025

Shikamoo baba mkubwa, pole sana, pole na wewe mama mkubwa,

Nimelia kwa ajili ya vidole vyako, kisha nimecheka kwa ajili ya hayo maneno yako, wenzangu hapa hawajui wanipe pole au waniache.

Sijui ninachofanya, nakwambia ukweli. Siku tatu nimekuwa nikiitoa fomu hii kwenye droo na kuirudisha. Nimemwomba Daktari Nesta nafasi moja zaidi, amekubali, ila mgonjwa anayeandikishwa akiwa mbali lazima awe na mtu wake wa karibu anayejulikana na ofisi. Nimeijaza. Yeye aweke jina lake chini, au dole gumba. Kuna bandeji nane, zina mstari wa buluu, pakiti zimeandikwa jina lake ili zisichanganyike na zako.

Hii haimaanishi nimemsamehe. Wala sijui inamaanisha nini.

Tusekile


Hasamba, 1 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Tumerudi nyumbani. Kahawa imeanza kuwa nyekundu na mimi naitazama kutoka kwenye kiti kama bwana mkubwa. Bahati amekula sabuni, hajambo. Kisigino ni miraba kumi na tisa. Ni changu, mama yako ameshuhudia na kutia sahihi pembeni.

Fomu nilimsomea Ambilikile, maana miwani yake ilibaki Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Jina la mgonjwa, akaitikia. Umri, akanisahihisha mwaka mmoja. Mahali pa kidonda, sawa. Halafu nikasoma: mtu wa karibu, Tusekile Ambilikile. Uhusiano na mgonjwa: binti.

Akaniambia nirudie hapo. Nikarudia. Akaniomba nimwonyeshe mstari wenyewe, akaweka kidole juu yake. Kisha akaniuliza jambo, na tangu juzi hajaweka dole gumba kwa sababu hiyo. Anasema fomu za mpakani huja na maneno yaliyokwisha kuchapwa, mtu anapigiwa alama tu. Anataka kujua: hilo neno "binti" limewekwa na ofisi, au umeliandika wewe?

Nimemwambia sijui. Hebu tujibu, amekaa na wino mkononi.

Jairo


Morogoro, 5 Juni 2025

Shikamoo baba mkubwa, shikamoo mama mkubwa.

Mstari ule huja mtupu. Mwambie hivyo.

Na mpe shikamoo yake.

Tusekile